Siku Ukoo Ulipochinja Gari la Baba

Gari la baba lilichinjwa. Watu wa mjini wakinisikia hucheka, wanadhani nimekosea neno, lakini nilikuwepo na sina neno jingine. Wanaume wa ukoo walikata majani ya migomba wakayatandika chini, wakaliinua kwa magogo lile pikapu la kijani alilokuwa akibebea ndizi na kahawa kutoka Masama mpaka Moshi, wakaanza kulitoa viungo kimoja kimoja kama wanavyofanya kwa fahali wa Krismasi. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alikaa kwenye kigoda akigawa. Aliyetajwa alisogea, akapokea kwa mikono miwili, akasema aika, ndiyo asante ya kwetu. Nilitazama nikiwa dirishani jikoni, na hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Baba alikuwa amezikwa pale pale kihambani, kwenye shamba letu la urithi, katikati ya migomba na kahawa, jirani na babu na baba yake babu. Gari lake alikuwa ameliegesha kando ya makaburi hayo siku alipougua, na halikuwashwa tena. Matairi yalikwisha upepo, magugu yakaingia hadi kwenye usukani, kuku wakapata pa kutagia. Mama hakulalamika. Alisema linamfanya aone kama mwenyewe kaingia tu ndani kunywa chai na atatoka sasa hivi.

Kilichomsumbua ni maji. Mfongo, mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka mlimani, unapita chini kidogo ya makaburi, na ukitoka kwetu unaingia kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, hadi huko chini kabisa. Mvua za masika zilipokolea, mama akaanza kuona utando wa rangi rangi juu ya maji. Oili ilikuwa inavuja. Kwetu unaweza kumtukana mtu ukasamehewa, lakini kuchafua mfongo ni jambo linaloitisha kikao, na mama hakuwahi kuitishiwa kikao maishani mwake. Akanipigia simu. Mimi nashona mapazia Moshi mjini, kwa hiyo kwa mama mimi ndiye mjuzi wa kila jambo la ofisini.

Nikaenda halmashauri kumwona afisa mazingira. Nilimkuta binti mdogo kuliko mimi, kucha zimepakwa rangi nyekundu, na nakiri nilidhani atanipotezea muda. Akanieleza bila haraka. Kabla gari halijaguswa, alisema, vyote vinavyomwagika vitolewe: oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, dizeli iliyobaki, kila kimoja kwenye chombo chake chenye mfuniko. Matairi yasichomwe. Gari lichukuliwe zima na mnunuzi wa chuma chakavu mwenye kibali, na namba zake zirudishwe ili serikali ijue halipo tena duniani. Alipofika kwenye betri akaweka kalamu chini.

"Betri itoke nzima, dada. Asiifungue mtu. Ndani yake kuna risasi, yale madini mazito ya kijivu. Ile ni sumu. Haina harufu, haina ladha mbaya, na ikishaingia mwilini inakaa kwenye mifupa."

Nilimtafuta mnunuzi mwenye kibali na nikampata. Alikubali kupanda na lori lake mpaka kwetu. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Sasa nieleze habari za mdogo wangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa habari ya gari tu. Ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Ni mtu mpole, fundi wa kila kitu, hatupi hata msumari uliopinda. Yeye na mkewe, wifi yangu, walikaa muda mrefu wakitafuta mtoto. Mimba zilikuja zikatoka. Wifi alifika mahali akawa haendi hata kwenye ubatizo wa watoto wa wenzake. Halafu mwaka ule, wakati tukihangaika na gari, mimba ikashika, ikapita ule mwezi ambao nyingine zilikuwa zinaishia, na nyumba nzima ikaanza kutembea kwa kunyata.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa ndani, aliyefungiwa bandani na kuletewa kila kitu mdomoni: majani, migomba iliyokatwakatwa, chumvi. Alikuwa amezaa karibuni. Mama akatangaza kwamba maziwa ya ng'ombe huyo hayauzwi tena, ni ya mkwe wake hadi ajifungue, na baada ya hapo yatakuwa ya uzazi, maana mzazi kwetu hufungiwa ndani na kulishwa mpaka anawiri. Kila asubuhi alimpelekea kikombe mwenyewe. Na hapa kuna kitu lazima nikiseme. Kwetu humpi mtu mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla hujaionja. Mwenye nyumba hupiga funda moja mbele ya mgeni, mgeni aone kwa macho yake, ndipo ampe. Ni njia ya wazee ya kusema hapa hakuna sumu. Mama ni Mlutheri aliyenyooka, mbege haigusi, lakini desturi hiyo aliihamishia kwenye maziwa. Alionja kwanza, akafuta mdomo kwa upande wa khanga, akampa wifi kikombe, akasimama pale pale mpaka kiishe.

Kikao cha ukoo kuhusu gari kilifanyika sebuleni kwetu. Mtoto wa kike haketi kwenye kikao cha ukoo, anapika. Nikapika. Halafu nikasimama mlangoni na birika la chai mkononi, nikawasalimu wazee shikamoo zao, nikasema yote niliyoelezwa, la oili, la betri, la mnunuzi mwenye kibali na lori lake. Walinisikiliza kwa adabu. Sitawasingizia, hakuna aliyenikatiza.

"Mwanangu, umesema vizuri," baba mkubwa akasema. "Lakini sheria hiyo wametungiwa watu wasio na makaburi. Ndugu yangu hatatolewa kwenye kihamba chake kwa kamba, kama mbwa aliyekufa."

"Ni gari, baba mkubwa."

"Ni jasho lake. Kitu cha mzee hakitoki getini. Kinagawanywa, kila mtu anapata sehemu yake, na mzee anabaki kwa watoto wake."

Wenzake wakaguna kukubali. Nikamtazama mdogo wangu. Yeye ndiye mwenye kihamba, neno lake lingeweza kuwasimamisha. Alinitazama, akawatazama wazee, akainamisha kichwa. Baadaye nilimfuata bandani nikamuuliza kama amekuwa bubu.

"Dada, wewe unarudi mjini," alinijibu taratibu. "Mimi nabaki nao. Mke wangu yuko hivi. Unataka nigombane na wazee mwaka huu, kati ya miaka yote? Nataka wambariki huyu mtoto. Sitaki mtu hata mmoja alale na kinyongo na nyumba yangu."

Nilimwita mwoga. Aliendelea kumkatia ng'ombe migomba.

Basi likachinjwa. Boneti, ambayo baba mkubwa mwenyewe aliiita kidari kwa kuwa kidari ni cha mkubwa wa ukoo, ikaenda kwake kuwa paa la mashine yake ya kumenyea kahawa. Milango wakapata baba wadogo kwa ajili ya mabanda ya kuku. Kiti kirefu cha mbele akapewa mama, na mpaka leo kiko barazani. Oili waliikinga kwenye beseni, na mmoja wao akatania kwamba sasa imebaki kupika kisusio, ile supu yetu ya damu, wakacheka sana. Jioni wakaipaka kwenye nguzo za banda kuzuia mchwa. Mabaki ya chuma yakachukuliwa na vijana wa Himo ambao hakuna aliyewauliza kibali. Mdogo wangu aliomba betri. Niliondoka kabla mgawo haujaisha, bila kula, na mama alinisindikiza mpaka barabarani akinibembeleza nisikasirike. Nilikasirika. Sikupanda tena kwa muda mrefu, nikawa naulizia hali ya wifi kwa simu.

Mengine niliyajua baadaye, kwa vinywa vyao. Betri ya pikapu ni kubwa, na boksi lake ni plastiki nzito isiyooza. Mdogo wangu aliikata juu kwa msumeno. Risasi ya ndani aliwapa wale wa Himo. Tindikali na lile tope la kijivu lililokuwa chini alivibeba mbali na mfongo, kwa kuyaheshimu yale niliyosema kuhusu maji, akavimwaga kwenye mashina ya migomba nyuma ya banda. Kisha akavunja vigawanyo vya ndani na kumpa mama boksi aoshe. Mama alilisugua kwa majivu na mchanga hadi likang'aa, akalianika juani. Likapigiliwa kwenye nguzo ya banda, likawekwa chumvi ya ng'ombe. Lilikuwa zuri, mama aliniambia. Halikupinduka kama bakuli la zamani, na chumvi haikupotea hata chembe.

Kwetu tunajisifu kwamba Mchagga hatupi kitu.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa na pazia la mtu kwenye cherehani. Mama alisema ng'ombe ameacha kula na anafanya mambo asiyoyaelewa. Nilipofika nilimkuta amesimama kwenye kona ya banda, paji la uso limegandamizwa ukutani, anasukuma. Mbao zilikuwa zinalia. Anasaga meno, masikio yanamcheza, mate yanamtoka. Mdogo wangu alimpungia mkono mbele ya macho na macho hayakupepesa. Alikuwa kipofu. Alipochoka kusukuma ukuta alizunguka, akajikwaa kwenye hori, akarudi tena kwenye kona yake kusukuma.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki. Alimpima, akaangalia majani yake, akainusa ile nguzo iliyopakwa oili na kutikisa kichwa. Halafu akaliona boksi. Akaingiza kidole kwenye pembe yake ya ndani kabisa, kule ambako kitambaa cha mama hakikufika, akakitoa kidole kina vumbi la kijivu.

"Hii ilikuwa betri?"

"Ilioshwa," mama akasema. "Nimeiosha mwenyewe, kwa majivu."

Daktari akauliza tope la ndani lilimwagwa wapi. Mdogo wangu akaonyesha migomba ya nyuma ya banda, ile ile aliyokuwa akiikata kila siku kumlisha ng'ombe, kwa sababu ilikuwa karibu. Swali lake lililofuata nalikumbuka pamoja na sauti yake, maana aliuliza akiwa ameshajua kwamba hatutalipenda.

"Maziwa anakunywa nani?"

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, tumbo limemtangulia, mkononi ana kikombe cha asubuhi. Alikuwa amekimaliza. Alikitazama kile kikombe, akainama kwa shida akakiweka chini, taratibu kabisa, kama vile kingeweza kulipuka. Kisha akajifuta mkono kwenye gauni, akaendelea kuufuta.

Ng'ombe alikufa jioni ile. Habari ikaenea, na majirani wakaja na visu na mabeseni, si kwa ubaya, ng'ombe akianguka watu huja. Daktari alikuwa ameagiza asiliwe hata utumbo, asiachiwe mbwa, azikwe kina kirefu mbali na mfongo. Baba mkubwa naye akaja, na fimbo yake, kusimamia mgawo. Mdogo wangu alikuwa ndani ya shimo, amejaa udongo mpaka nywele.

"Leo hakuna kidari, baba mkubwa," akasema bila kuinua uso.

"Mnyama mzima unamfukia? Baba yako angesema nini?"

"Rudi nyumbani, mzee wangu. Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia akimwambia mkubwa hivyo. Majirani waliondoka wakinung'unika kwamba watoto wa marehemu wamekuwa wachoyo. Tulifundishwa tangu utoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, tukalitii hadi mwisho, na guu likavunjika vile vile. Nilitaka kumkimbilia yule mzee nimwambie hayo usoni. Nilipomwona anavyoshika miti njiani ili asianguke, nilirudi kumsaidia mdogo wangu kufukia.

Yule binti wa halmashauri alipanda na wenzake. Walichimba udongo wa nyuma ya banda wakautia kwenye magunia, wakaing'oa migomba, wakatuambia pale pasilimwe chakula wala majani. Nilisubiri aniulize kama sikuwafikishia watu wangu maelezo yake. Hakuuliza. Alimshika mama mkono akampa pole. Mdogo wangu alilibeba boksi mwenyewe, limefungwa kwenye mifuko, akaliweka kwenye gari lao na kusimama hapo hadi gari lilipopinda kona.

Wifi alipimwa damu kwenye hospitali kubwa ya Moshi, na majibu yalipokuja daktari alifunga mlango kabla ya kutusomea. Mama naye alikuwa na sumu ile mwilini, kwa yale mafunda yake ya kila asubuhi, lakini alikataa kuongelewa habari zake. Mtoto hakungoja mwezi wake. Alizaliwa mdogo, wa kike, akalia kwa sauti nyembamba ambayo ilitufanya wote tulie. Yuko hai. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ndilo swali watu wanalouliza, kisha wakisikia jibu wanashukuru Mungu na kubadilisha mazungumzo. Daktari hakubadilisha mazungumzo. Alisema atapimwa, na atapimwa tena, na kwamba yalichomfanyia maziwa yale hatutakijua sasa. Tutakijua atakapochelewa kutembea, au asipochelewa, atakapoanza kusema, atakapokaa darasani na wenzake. Mdogo wangu aliuliza kama kuna dawa ya kuisafisha. Aliuliza hivyo hivyo, kuisafisha, na mama akageuza uso.

Wifi hakurudi Masama. Alitoka wodini akaja kwangu mjini, kwenye chumba changu chenye mapazia ya watu, akalala kitandani kwangu na mtoto. Mdogo wangu alishuka kila alipoweza, akaketi mlangoni, akamshika mwanawe vidole vya miguu. Wazee walituma salamu na baraka. Sikuzifikisha.

Mama alikuja siku moja amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa ameamka mapema akapika mtori, ndizi na nyama, chakula cha mzazi, akautia kwenye chupa ya chai na kuifunga kwa khanga ili usipoe njiani. Aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba nyama ameinunua mjini, ndizi zimetoka kwa dada yake upande mwingine wa kijiji, sufuria ni mpya, maji ni ya dukani. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikunywa maji ya mfongo alikuwa amepikia maji ya dukani. Nikampisha aingie.

Alimsalimia mkwe wake, akamtazama mtoto bila kuomba kumshika. Alimimina mtori kwenye kikombe. Kisha, mbele ya macho ya wifi, aliinua kikombe akapiga funda moja, akameza, akafuta mdomo kwa upande wa khanga, na kumnyoshea.

Wifi hakunyosha mkono. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayempenda aliye mbele yake na asiyejua afanye nini na upendo huo.

"Mama," alisema, "hata maziwa ulikuwa unaonja."

Mama alibaki na kikombe hewani. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Baadaye alikaa kwenye kigoda changu cha cherehani, akaurudisha mtori kwenye chupa, kijiko kwa kijiko, usimwagike, akakaza kifuniko.